Mguu Wako Haufiki Chini

Tangu niseme nataka pikipiki, watu hunitazama miguu kabla hawajanitazama uso. Mtu anaanzia kwenye viatu, anapanda na macho mpaka gotini, anashuka tena, halafu anatoa hukumu kwa sauti ya huruma: "Lakini madam, mguu wako haufiki chini." Aki ya Mungu! Utadhani ananipa habari. Utadhani nimetembea na miguu hii tangu utotoni nikidhani ni ya jirani. Mimi ni mfupi, ndiyo. Mama yangu alikuwa mfupi, akazaa watoto wafupi, na sijasikia hata mmoja wetu aliyeshindwa kufika alikokuwa anaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pikipiki ndizo zinazonilisha. Mimi hushona siti. Nina kibanda Laini Saba, juu kidogo ya reli, na ndani mna cherehani, sponji, rundo la leza, zile ngozi bandia, za kila rangi na vumbi. Waendeshaji wa bodaboda huniletea siti zao zilizoraruka nizivalishe upya. Kila steji wanaposubiri abiria ina rangi zake na mtindo wake wa uzi, hata nikiona siti tupu bila pikipiki naweza kukwambia ni ya steji gani. Na karibu wote husema neno lile lile: "Niinulie kidogo, fundi." Wanataka sponji juu ya sponji, wakae juu waonekane wakubwa. Nimewainua wanaume wa Kibera hii mpaka mikono ikaota sugu. Halafu mimi nikitaka kupanda, ati mguu haufiki.

Shida ya kazi yangu ni moja. Mwenye bodaboda hataki kuacha pikipiki kibandani akapoteza wateja, kwa hiyo anaikalia siti iliyopasuka mpaka chuma kimchome. Kule Kawangware steji ni nyingi na mafundi wa siti ni wachache. Nilikuwa nikienda huko na sponji kichwani, leza begani, jasho likinitiririka, nafika wamechoka kunisubiri. Nikapiga hesabu zangu: nikiwa na pikipiki nitabeba kila kitu nyuma, niende steji kwa steji, nimshonee mtu siti yake akinywa chai hapo hapo, niondoke. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu. Haikuwa kubeba abiria, wala kushindana na mtu.

Lakini lazima niseme habari ya pikipiki ya kwanza, la sivyo hutaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Marehemu mume wangu alikuwa na pikipiki. Ugonjwa ulipomchukua, tukaenda kumzika kwao, kule ziwani, na tuliporudi Nairobi mdogo wake alikuwa na ufunguo mfukoni. Sikumpa. Alijipa. Nilipouliza, alinitazama miguu. "Shem, wewe hata mguu haufiki chini. Wacha mimi niendeshe, jioni nakuletea kitu ya watoto." Nina wasichana wawili, pacha. Mwanzoni alileta kweli: mkate, sukari, hela kidogo. Baadaye akaleta visingizio. Leo mvua, kesho askari, keshokutwa tairi. Siku moja alikuja kwa miguu. Alikuwa ameiuza. Wazee wa kwao wakasema mali ya ndugu ni ya ndugu, na mimi nitulie. Nikatulia. Nilitulia na hasira mpaka meno yakaniuma.

Kwa hiyo nilipoanza kuchanga tena, nilijiapia jambo moja: hii nitaendesha mimi. Sikusema nitaimiliki. Kumiliki nilishamiliki, nikaona mwisho wake. Mwanamke wa hapa anaweza kumiliki pikipiki hata tatu, lakini anayekaa juu yake ni mwanamume, na jioni mwanamke anasubiri mlangoni aambiwe leo hali ilikuwaje. Sitaki kuambiwa hali. Nataka kuiona mwenyewe.

Nilijifunza Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wa wazi, kwa mwendeshaji mmoja niliyekuwa namshonea. Alinipandisha juu ya dude lake refu, akakaa nyuma akiniponda mgongo kwa tumbo lake. Nikawasha, nikatia gia, tukaenda. Na nakwambia, kwenda si kazi. Pikipiki ikishatembea haina habari na urefu wa mtu. Kazi ni kusimama. Nilifunga breki, nikatafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, nikakuta hewa. Tukaanguka wote, na injini ikanichoma kwenye muundi. Yule mwalimu aliinuka akijipangusa suruali, akacheka. "Si nilikwambia?"

Hakuna alichoniambia. Niliyeelewa ni mimi, nikiwa chini pale na muundi unawaka. Barabara zetu hazikuruhusu kwenda tu. Ni mkokoteni, ni mbuzi, ni mtoto anayefuata mpira, ni bomba la maji lililopasuka, kila hatua unasimama. Mwenye miguu mirefu anasimama bila kufikiri. Mfupi lazima ateleze kitako upande mmoja, mguu mmoja uguse, na kama umebeba mzigo nyuma na ardhi imeinama, basi mzigo unavuta upande usio na mguu na habari yako imekwisha. Nikajua ninachotaka: siti ya chini, chombo chepesi, nyayo zote mbili zikanyage. Injini ndogo hainisumbui. Sponji haina uzito.

Sasa, chama chetu. Sisi ni wanawake wa Makina na Laini Saba, wauza mboga, wasusi, mama mmoja wa mahamri, na mimi. Zamu yako ikifika hupewi pesa mkononi. Tumeona pesa za mkononi zikiliwa na waume, na mashemeji, na harusi za watu. Kwetu unataja kitu, wenzako wanakubali, mnaenda pamoja kukinunua, halafu mnakisindikiza mpaka mlangoni kwako kwa nyimbo na vigelegele, mtaa mzima ujue kitu hiki ni cha nani. Tumesindikiza sofa hivyo. Tumesindikiza friji, tukicheza mbele ya mkokoteni. Mimi naupenda utaratibu huo na niliutegemea. Nilidhani kitu kikishaimbiwa hakuna wa kukigusa.

Mwenyekiti wetu ni bibi wa Kinubi, mwenye nyumba za kupangisha hapo Makina, na sote tunamwita Habuba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Tulikaa barazani kwake. Zamu ilikuwa yangu, nikasema nataka pikipiki. Wakafurahi. Habuba akajifunga gurbaba yake, lile shuka la Kinubi, vizuri, akasema pikipiki ni kitu kizuri, inazalisha.

"Na nani ataendesha?" akauliza.

"Mimi."

Wote, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama miguu. Wanawake wenzangu! Nilitamani kuwarushia kiatu.

"Mama Pacha," Habuba akasema, polepole, "mimi nina nyumba. Ushawahi kuniona nimebeba karai la saruji? Nyumba ni yangu, fundi ni wa kazi. Wewe ni mwenye mali. Tafuta kijana aendeshe."

"Kijana nilikuwa naye, Habuba. Aliiuza."

"Yaliyopita si ndwele."

"Kwako si ndwele. Kwangu bado inauma."

Wakacheka, wakadhani natania. Wakakubaliana kwamba pikipiki sawa, lakini lazima twende na mtu anayejua injini, tusije tukauziwa chuma chakavu. Na nani huyo? Shemeji yangu. Nilipinga mpaka sauti ikakauka. Kumbe alikuwa ameshapita kwa Habuba kumsalimia, amemwambia ametubu, anataka tu kumsaidia mke wa marehemu kaka yake asidanganywe. "Anakuja kutazama injini tu," Habuba akaniambia. "Hatakula mtu." Sheria ya chama ni wengi wape. Wengi walitaka aje.

Wiki hiyo hiyo shemeji mwenyewe akaja kibandani kwangu na siti begani. Siti tu, pikipiki hakuna.

"Shem, niaje."

"Poa. Hiyo ni ya nani?"

"Ya jamaa yangu. Nishonee, shem. Jamaa ni mrefu kama mimi, kwa hivyo piga sponji mbili, usimwonee huruma. Rangi ni zile zetu."

Zile zetu maana yake za steji yake: kijani na njano, na uzi mweupe unaopita ubavuni mara mbili. Habari ya malipo haikutajwa. Shemeji halipi, unajua wewe mwenyewe. Nilikuwa na hasira naye, lakini nina ugonjwa wangu: siwezi kushona vibaya hata nikiwa na hasira. Nikapanga sponji mbili, nikazigundisha, nikaivuta leza mpaka ikalia, nikashona pembe zote kwa kurudia uzi kama kawaida yangu ili zisifumuke. Alipokuja kuichukua aliipapasa akasema, "Hii imeiva." Hakusema hata asante.

Siku ya kununua tukaenda Kawangware, kwenye uwanja mmoja uliozungushiwa mabati ambako pikipiki zilizotumika huuzwa. Tulikuwa mimi, Habuba, mweka hazina akiwa na pesa zetu zimefungwa kitambaani na kitambaa kiko kifuani, na mama wa mahamri aliyekuja kwa ajili ya vigelegele, maana hakuna anayemshinda. Shemeji tulimkuta ameshafika. Alikuwa ameegemea pipa akichekeshana na mwenye uwanja, na sikujiuliza kwa nini wanajuana.

Mwenye uwanja alikuwa na kijiti mdomoni na hakukitoa siku nzima. "Karibu, chief," akamwambia shemeji. Sisi akatuinulia nyusi. Nikauliza bei ya moja, akamjibu shemeji. Nikauliza imetembea kiasi gani, akamjibu shemeji. Nikauliza kwa Kiswahili, kwa Sheng, karibu niulize kwa vidole, majibu yote yakapita juu ya kichwa changu yakaenda kwa yule mrefu. Nikaacha kuuliza, nikazunguka peke yangu.

Ndipo nikaiona. Ilikuwa imesukumwa ukutani nyuma ya nyingine, ndogo, ya bluu, tangi limebonyea upande mmoja, ile aina yenye nafasi katikati ya kupitisha mguu bila kuruka. Nikapitisha mguu. Nikakaa. Nyayo zangu zikashuka zikakanyaga Kawangware, kisigino na vidole, kushoto na kulia. Nikaiinamisha huku, nikaiinamisha kule, ikanitii. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu, nikainama nijifanye naangalia taa. Sina haja ya kudanganya, machozi yalinilenga.

"Madam, hiyo ni ya kupeleka mayai," mwenye uwanja akasema. Sasa alikuwa ameniona!

"Hiyo haipandi mlima na watu wawili, shem," shemeji akadakia. "Steji watakucheka."

"Sijasema naenda steji. Sijasema nabeba watu."

"Sasa pikipiki isiyobeba watu ni ya nini?" Habuba akauliza, na aliuliza kwa dhati. Nikamweleza tena habari ya siti, na sponji, na mafundi wachache wa Kawangware. Alinisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye lile tangi lililobonyea. Kwake yeye kitu cha chama lazima kipendeze njiani, na ile ya bluu ilionekana imechoka.

"Injini ya hii imekufa kitambo," shemeji akamwambia, wala hakuwa ameiwasha. "Habuba, kuja uone mashine."

Mashine ilikuwa katikati ya uwanja, nyekundu, ndefu, siti imefunikwa gunia. Mwenye uwanja akavuta gunia. Kijani na njano. Uzi mweupe unaopita ubavuni mara mbili.

Kwanza nilidhani macho yananidanganya. Nikasogea, nikapapasa pembe ya nyuma kwa kidole gumba, nikakuta uzi umerudiwa. Nikabonyeza, nikasikia sponji mbili. Damu ikanipanda kichwani mpaka masikio yakavuma.

"Hii siti nimeshona mimi," nikasema.

"Siti zinafanana, shem."

"Nimeshona mimi! Wewe ndiye uliniletea, begani. Ukasema ni ya jamaa yako."

Habuba hakumtazama shemeji. Alimgeukia mwenye uwanja. "Hii siti imewekwa na nani, baba?"

Na yule, kwa kuwa hakujua kuna vita, akajibu vizuri tu: "Si ni huyu chief? Alikuja nayo juzi, akafunga mwenyewe, akaniambia wenye pesa wako njiani, nisiuze."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi hata nguo yenyewe nilikuwa nimeishona, tena bure. Alikuwa ameshachagua. Ameshaipa rangi za steji yake, ameshaiinua ifae miguu yake, na aliyemwinulia ni mimi, nikiwa nimepiga magoti kibandani na sindano mdomoni. Ile siku ya "anakuja kutazama injini tu" mambo yalikuwa yameshapangwa.

"Shem, usipandishe," akasema, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Nilikuwa narahisisha kazi. Kwani nani angeendesha? Ebu kalia tuone."

Ebu kalia tuone. Watu walikuwa wameshaanza kuchungulia kwenye lango. Mwenye uwanja akaishika pikipiki kwa mkono mmoja, na kwa huo mwingine akanipungia, panda basi. Nikapanda. Ilinibidi kuvuta sketi na kukwea kile chuma cha pembeni. Nikakaa juu ya kazi yangu nzuri, sponji mbili, na viatu vyangu vikaning'inia. Mtu akacheka langoni. Shemeji akafungua mikono kuwaonyesha wenzangu, kama kusema mmejionea wenyewe. Mama wa mahamri akainamisha kichwa.

Nikashuka. Ndani ya mkoba wangu mna kisu cha kukatia sponji, hakiondoki humo. Nikakitoa, nikakitia kwenye ile pembe niliyoirudia uzi, nikavuta mpaka mwisho wa siti.

Leza ilipasuka kwa sauti. Nikakata ubavu wa pili. Nikaingiza mkono, nikaing'oa sponji ya juu nzima, nikaitupa vumbini, nikaanza ya pili. Watu walikuwa wanapiga kelele na mimi nilikuwa napiga kelele zaidi, na sikumbuki vizuri nilisema nini, ila najua nilisema "bure" mara nyingi. Nilishona bure! Nilikupa bure! Shemeji alinyoosha mkono aniguse bega, akaona kisu, akaurudisha.

"Umeharibu, umenunua!" Mwenye uwanja sasa alikuwa anaongea na mimi moja kwa moja. "Madam, umeharibu, umenunua! Hapa hatoki mtu!"

Nikasimama na kipande cha sponji mkononi, nikipumua. Habuba akasema kwa sauti ya chini, "Hasira hasara, mama."

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikamwambia yule mtu siti nitamshonea nyingine, nzuri zaidi, kesho asubuhi ninayo. Akakataa. Nikamwambia nataka ile ya bluu, pesa zipo, achukue. Akakataa katakata. Alikuwa amepata mteja wa ile ndefu, hakuwa mjinga. Nikamgeukia Habuba nikamshika mkono, nikamsihi. Ile ya bluu, Habuba. Mguu wangu unafika kwenye ile ya bluu.

Akautoa mkono wake. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mimi, si juu ya yule mwongo. Kwamba nimemwaibisha mbele za watu. Kwamba nimechezea kitu cha chama kwa kisu. Akamwashiria mweka hazina atoe kitambaa.

"Umekata mwenyewe, utakalia mwenyewe," akaniambia. "Wallahi sitaki kumwona mtu mwingine hapo juu."

Watu wakisimulia hadithi hii leo huimalizia hapo, wakicheka, ati Habuba alinitetea. Hakunitetea. Aliniadhibu. Alinipa chombo nisichokitaka na akanikataza kumpa mwingine. Ile ya bluu iliuzwa, sijui kwa nani. Nikipita Kawangware huwa naitafuta kwa macho, na sijawahi kuiona.

Wakati makaratasi yanaandikwa, nilipiga magoti palepale vumbini nikachonga ile sponji iliyobaki. Nilichonga mpaka ikabaki unene wa vidole viwili, nikaipunguza pembeni mapaja yapite, nikaifunika na ile leza iliyopasuka na kuikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Ilikuwa siti mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikapanda. Vidole vikagusa, na ile nyama ya mbele ya wayo, pande zote mbili. Visigino, hapana. Na uzito ulikuwa ule ule, wa kumfaa mtu mwingine.

Mama wa mahamri akapiga kigelegele, akaanzisha wimbo, maana kazi ni kazi. Nikawasha. Nikatoka taratibu mpaka langoni, na pale langoni pana kibonde na kokoto, na mzee mmoja wa mkokoteni akakatiza. Nikafunga breki. Mguu wa kushoto ukakuta kokoto, kokoto zikateleza.

Nilianguka mbele ya kila mtu, wimbo ukakatika katikati. Goti lilichanika. Kabla sijajinasua, shemeji alikuwa ameshafika na ameshashika usukani.

"Leta, shem. Utajiua. Mimi naifikisha Makina tu, halafu nakupatia."

"Toa mkono."

"Mpaka Makina tu."

"Nimesema toa mkono!"

Sikujua nina sauti ile. Alitoa. Nilijaribu kuiinua kwa mikono, haikusonga. Mwenye mkokoteni akaja kunishikia, nikamwambia asante mzee, wacha. Nikaipa mgongo, nikachuchumaa, matako yakaikandamiza siti, nikashika usukani nyuma yangu kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nikasukuma ardhi kwa ile miguu yangu wanayoipenda kuitazama. Ikainuka nusu, ikarudi. Nikasukuma tena, nikilia, nikitukana kwa lugha zote ninazozijua. Ikasimama.

Nikaikalia. Hakuna aliyeimba. Shemeji alikuwa bado yuko kando yangu, na lile tabasamu la watu lilikuwa limemwisha usoni. Alikuwa anaiangalia siti, kijani na njano zimefungwa kwa mpira.

"Steji nishawaambia naja na mashine," akasema, polepole, mimi tu nisikie. "Sasa mimi nitaendesha nini, shem?"

Aliniuliza kwa dhati. Alisimama pale na urefu wake wote akisubiri nimjibu, kama nilivyokuwa nikimjibu kila mara, chakula kiko wapi, nauli iko wapi, shem nisaidie hiki.

"Sijui," nikamwambia. Sikujua kweli, na haikuwa kazi yangu kujua. Nikatia gia ya kwanza, nikaondoka.